Usiruke majina ya mwisho, huenda kazi yako iko pale

Unakikumbuka kile kikombe? Ilikuwa Mei 2019, msimu wa nane na wa mwisho wa Game of Thrones. Wahusika wako kwenye karamu, wamevalia manyoya na ngozi, wanakunywa kwa pembe, mishumaa inawaka kila kona. Halafu pale mezani, mbele ya Daenerys, kimetulia kikombe cha kahawa cha karatasi, na kifuniko chake juu. Kahawa ya kubeba mkononi, katika dunia ya majoka ambayo haijawahi kusikia habari za umeme!

Mtandao ulichanika kwa kicheko. Picha ile ilizunguka kote hadi ikafika kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. HBO ilikifuta kwa kompyuta, na kwa muda wa siku mbili hivi kikawa kimetoweka kwenye kipindi kilichobaki mtandaoni.

Sasa tukuulize. Katika vipindi vyote 73 vya tamthilia ile, ni vikombe vingapi, simu ngapi, chupa ngapi za maji na saa ngapi za mkononi ziliondolewa kabla kamera haijawashwa? Hujui, kwa sababu hukuziona. Na hukuziona kwa sababu kuna mtu aliyeziondoa. Hao ni watu ambao wakifanya kazi yao vizuri hakuna anayejua kwamba wapo. Wakikosea mara moja, dunia nzima inawacheka.

Leo tunataka kuzungumza nawe kuhusu mbogi hiyo ya nyuma ya kamera katika televisheni ya Marekani. Si kwa umbea. Ni kwa sababu kila tukiwauliza vijana wanaopenda tamthilia za kule wangependa kufanya nini, jibu ni moja: kuigiza. Wachache watasema kuelekeza. Baada ya hapo kimya. Ni kama kwenda uwanja wa ndege, ukaona ndege imejaa watu na mizigo, kisha ukadhani kazi iliyopo pale ni ya rubani peke yake.

Kosa si lako peke yako. Vyombo vyenyewe vimekufundisha usiangalie. Kipindi kikiisha, majina yanaanza kupanda kwenye skrini, na kabla hujasoma matatu, yamefinywa kwenye kona na kipindi kinachofuata kinahesabu sekunde. Mwanzoni nako kuna kile kitufe cha kuruka utangulizi. Mwaka wa 2022 Netflix yenyewe ilisema kitufe hicho hubonyezwa mara milioni 136 kwa siku ya kawaida. Hebu fikiria idadi hiyo ya vidole, kila siku, vikiruka majina ya watu waliofanya kazi.

Hata tuzo zimegawanywa hivyo. Ile sherehe kubwa ya Emmy unayoiona, yenye zulia na nguo za kumetameta, ni ya waigizaji, waandishi na waelekezaji. Tuzo nyingi za mafundi, yaani wahariri, watu wa sauti, wa mavazi, wa nywele, wa taa, hutolewa katika sherehe nyingine inayofanyika siku kadhaa kabla. Kwa hivyo hata akishinda, fundi hatokei usiku ule ambao wewe unatazama.

Basi tuwatazame leo.

Anza na msimamizi wa mswada. Tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio unaouona. Matukio yote ya jikoni yanaweza kurekodiwa Jumatatu, hata kama moja ni la mwanzo wa kipindi na lingine la mwisho. Mwigizaji anaanza sentensi leo, anaimalizia kesho kutwa mahali pengine kabisa. Ni nani anayekumbuka kwamba alipoanza alikuwa ameshika glasi kwa mkono wa kushoto, kwamba maji yalikuwa yamefika nusu, kwamba kifungo cha pili cha shati kilikuwa wazi? Ni huyo msimamizi. Anakaa karibu na kamera, anaandika kila kitu: aliyesimama wapi, aliyesema nini, neno gani lilibadilishwa, mara ngapi tukio lilirudiwa na ni lipi mwelekezaji alilipenda. Baadaye mhariri atazitegemea karatasi hizo kama vile wewe unavyotegemea noti za rafiki yako siku uliyokosa darasa.

Halafu kuna mafundi wa taa. Mwaka wa 1951, wakati I Love Lucy ilipokuwa inaanza, walitaka kurekodi kichekesho mbele ya watazamaji walioketi ukumbini, kwa kamera tatu za filamu zikifanya kazi kwa pamoja. Shida ilikuwa taa. Ukimulika vizuri kwa kamera moja, kivuli kinaangukia nyingine. Aliyeitwa kutatua hilo ni Karl Freund, mpiga picha aliyekuwa ameshiriki kupiga Metropolis kule Ujerumani katika miaka ya 1920. Alipanga taa kutoka juu ili kamera zote tatu zipate mwangaza sawa. Ule mtindo wa vichekesho vya sebuleni vinavyorekodiwa mbele ya watu, ukiwemo Friends ambayo dada yako ameitazama mara tano, umesimama juu ya kazi ya namna hiyo. Kila mtu anamjua Lucille Ball. Freund umemsikia leo.

Na kicheko chenyewe je? Kile cha watu wasioonekana? Kuna mhandisi wa sauti wa CBS aliyeitwa Charley Douglass ambaye katika miaka ya 1950 alitengeneza mashine ya kucheza vicheko vilivyorekodiwa, ya kuongeza pale watazamaji walipocheka kidogo au kupunguza walipozidisha. Kwa miaka mingi alikuwa akiitwa na vipindi tofauti kuja na kisanduku chake. Kumbe kuna mtu aliyelea familia kwa kucheka, tena bila kufungua mdomo.

Pengine unasema: mimi si mtu wa kamera wala nyaya. Mimi nasomea uuguzi KMTC, haya yananihusu vipi? Sikiza. Grey's Anatomy imekuwa hewani tangu Machi 2005. Mwigizaji anaposhika kisu cha upasuaji pale, kuna mtu aliyemfundisha kukishika. Mmoja wao ni Linda Klein, muuguzi halisi aliyeanza kama mshauri wa mambo ya tiba na kupanda hadi ngazi ya watayarishaji. Hata kwenye skrini utamwona, amevaa sare, akimpa daktari vifaa. Katika chumba cha waandishi wa tamthilia hiyo hiyo alikaa Zoanne Clack, daktari wa kitengo cha dharura, ambaye aligeuka mwandishi na baadaye akawa miongoni mwa watayarishaji wakuu. Hawakuacha taaluma yao mlangoni. Waliingia nayo, na ndiyo iliyowafungulia mlango.

Hali ni hiyo hiyo kwa sheria, polisi, upishi, ushonaji. Ruth E. Carter, ambaye wewe unamjua kwa mavazi ya Black Panther yaliyompa Oscar mwaka wa 2019, miaka 30 kabla ya hapo alikuwa amebuni mavazi ya kipindi cha kwanza cha majaribio cha Seinfeld. Mavazi ya watu wa New York wanaopiga gumzo. Hakuna mkuki, hakuna ushanga. Lakini fundi hachagui siku ya kuwa fundi.

Sasa, mtu anaingiaje?

Mlango wa wengi kule ni kazi ya chini kabisa ya seti: msaidizi wa utayarishaji, ambao wao huwaita PA. Huyu ndiye wa kwanza kufika na mara nyingi wa mwisho kuondoka. Anagawa karatasi za ratiba. Anabeba kahawa, naam, vikombe vile vile. Anasimama kwenye kona ya barabara akizuia watu wasipite mbele ya kamera, redio sikioni, na kamera ikianza kuviringika anapaza sauti ili kila mtu anyamaze. Anajua dereva yuko wapi, mwigizaji amefika au bado, chakula kinatolewa saa ngapi. Si kazi ya kupiga selfi. Ukipatikana unapiga picha ya siri ya seti ukaiweka mtandaoni, umejifukuza mwenyewe.

Lakini ukiwa pale unaona kila idara ikifanya kazi. Huo ndio mshahara wa pili.

Chukua mfano wa Gordon Smith. Aliingia Breaking Bad kama msaidizi wa ofisini. Baadaye akawa msaidizi wa chumba cha waandishi, yaani yule anayeandika kila wazo linalotupwa mezani, zuri na baya, ili kesho asubuhi waandishi wasisahau. Better Call Saul ilipoanza mwaka wa 2015, akawa mwandishi, na kipindi alichoandika katika msimu ule wa kwanza, Five-O, kikamletea uteuzi wa Emmy. Baadaye alielekeza na kuwa miongoni mwa watayarishaji. Hakuna aliyemgundua kwenye TikTok. Alikaa chumba kimoja na watu wanaojua kazi, akasikiza kwa miaka, na fursa ilipokuja alikuwa tayari ameshajua jinsi nyumba ile inavyojengwa.

Lena Waithe naye alifanya kazi za usaidizi, ikiwemo kwenye filamu ya mwanzo ya Ava DuVernay, kabla ya mwaka wa 2017 kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda Emmy ya uandishi wa vichekesho, kwa kipindi kimoja cha Master of None. Ava mwenyewe? Kabla ya kushika kamera alikuwa mtu wa uhusiano mwema, akitangaza filamu za wengine na kuendesha kampuni yake. Baadaye alipopata tamthilia yake, Queen Sugar, alihakikisha misimu yote imeelekezwa na wanawake. Aliyefunguliwa mlango, na akakumbuka kuuacha wazi.

Hapo kuna jambo ambalo huenda hulijui. Katika filamu, mkubwa ni mwelekezaji. Katika televisheni ya Marekani, mkubwa kwa kawaida ni mwandishi. Mwelekezaji wa kipindi cha tatu anaweza kuwa mgeni anayekuja kwa wiki chache na kuondoka, lakini mwandishi mkuu ndiye anayebaki kuanzia wazo la kwanza hadi uhariri wa mwisho, akiajiri, akifuta, akiamua nani afe msimu ujao. Shonda Rhimes ni wa aina hiyo. Kwa hivyo wewe unayeandika hadithi kwenye simu usiku na kuona aibu kumwonyesha mtu, kumbe umekaa upande wenye nguvu.

Tukiishia hapa, tutakuwa tumekuuzia ndoto, na ndoto zinauzwa kila mahali bure. Kwa hivyo sikiza upande wa pili.

Siku ya kawaida ya kurekodi tamthilia kule ni saa 12, na mara nyingi huvuka hapo. Inaweza kuanza alfajiri Jumatatu na kufika Ijumaa ikawa inaanza jioni hadi mapambazuko, kwa sababu kila siku imesukuma inayofuata. Watu wanakosa harusi, wanakosa mazishi, watoto wanalala kabla baba au mama hajarudi.

Wengine hawakurudi kabisa. Mwaka wa 1997 msaidizi wa kamera Brent Hershman alifariki akiendesha gari kuelekea nyumbani baada ya siku ya kazi ya saa 19 kwenye filamu ya Pleasantville. Alilala kwenye usukani. Kifo chake kilimsukuma mpiga picha mashuhuri Haskell Wexler kutengeneza filamu ya hali halisi, Who Needs Sleep?, iliyotoka 2006, akiuliza kwa nini watu wanaotengeneza burudani wanapaswa kufa kwa usingizi.

Ndiyo maana kule mafundi wana vyama vya wafanyakazi, tena vya zamani. IATSE, chama kikubwa cha mafundi wa jukwaa, filamu na televisheni, kiliundwa 1893, kabla hata televisheni haijavumbuliwa. Oktoba 2021, kwa mara ya kwanza, wanachama wake takriban 60,000 wa filamu na televisheni walikuwa mbioni kugoma nchi nzima. Hawakuwa wanadai majumba. Walikuwa wanadai muda wa kula, mapumziko kati ya siku moja na nyingine, na wikendi iliyo wikendi. Zaidi ya asilimia 98 ya kura ziliunga mkono mgomo. Siku mbili kabla ya kuweka vifaa chini, mapatano yalipatikana, yakiwemo mapumziko ya angalau saa 10 kati ya zamu. Saa kumi! Toa muda wa kusafiri, kuoga na kula, uone usingizi unabaki kiasi gani. Na hilo ndilo lililohesabiwa kuwa ushindi.

Mwaka wa 2023 waandishi waligoma siku 148, kuanzia Mei hadi Septemba. Waigizaji nao wakaingia Julai na kugoma siku 118. Waandishi walitoka na mkataba unaosema, pamoja na mengine, kwamba akili bandia haiwezi kuhesabiwa kuwa mwandishi, na kwamba chumba cha waandishi kiwe na idadi ya chini ya watu. Lakini kumbuka waliobaki kati: fundi wa taa, dereva, mshonaji, mpishi wa seti. Mgomo haukuwa wao, lakini kazi ilisimama kwao pia, na kodi ya nyumba haikusimama.

Na soko lenyewe limepungua. Mwaka wa 2022 kituo cha FX kilihesabu tamthilia na vichekesho 599 vilivyotolewa kwa watazamaji wa Marekani. Mwaka uliofuata hesabu ilishuka hadi 516. Maana yake kuna mafundi wazoefu, wenye tuzo sebuleni, ambao wamekaa nyumbani wakisubiri simu. Kazi hii ni ya msimu hadi msimu. Tamthilia ikikatwa, watu mia kadhaa wanakosa ajira siku moja, na hakuna anayewaandikia pole.

Msee, haya yote ni ya Amerika. Sisi tunaingia wapi?

Tunaingia, tena tumeshaingia. Sense8, tamthilia ya Netflix iliyotoka Juni 2015, ilirekodiwa katika miji kadhaa duniani, na Nairobi ikawa mmoja wao. Ile matatu iliyochorwa kwa heshima ya Jean-Claude Van Damme, Van Damn, ilikuwa ikikata mitaa yetu, si mitaa ya kuigiza kule California. Na kamera ya kigeni ikija mjini haiji na kila kitu. Inahitaji dereva anayejua njia za mkato, mtu wa kuongea na wazee wa mtaa, mtu wa vibali, mpishi, fundi umeme, msusi, mlinzi, mkalimani. Hao hawaagizwi kwa ndege. Wanatafutwa hapa.

Hata Lupita Nyong'o, kabla ya Oscar na kabla ya Yale, alikuwa kijana wa kutumwa huku na kule kwenye seti ya The Constant Gardener, filamu iliyorekodiwa hapa Kenya. Hakuwa mbele ya kamera. Alikuwa pembeni, akitazama jinsi kazi inavyofanywa.

Sasa linganisha na Cape Town. Msimu wa nne wa Homeland, ambao hadithi yake iko Islamabad, ulirekodiwa Cape Town. One Piece ya Netflix, yenye meli na maharamia, imerekodiwa huko huko. Ziko sababu za kodi na za studio, ndiyo, na hizo ni za serikali kushughulikia, nasi tutaendelea kuipigia kelele. Lakini kuna sababu nyingine iliyo mikononi mwako: mtayarishaji huenda mahali anapojua atapata mafundi 200 wanaojua kazi, kesho asubuhi. Uzuri wa nchi si hoja peke yake. Kama twiga na machweo yangetosha, tungekuwa na studio kila kaunti.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. Kazi ya nyuma ya kamera ni ufundi, na ufundi una masharti mawili: uujue, na ulipwe kwa kuujua. Vijana wengi hapa mjini wanaangukia upande mmoja. Kuna wanaotaka malipo ya Hollywood ilhali hawajui hata kukunja waya bila kuutia fundo. Na kuna wanaojua kazi barabara lakini wamezoea kufanyishwa bure.

Tuzungumze na hao wa pili kwanza. Pengine ni wewe. Ulipigiwa simu ukaambiwa kuna video inarekodiwa, njoo usaidie, utapata jina. Ukafika saa kumi na moja alfajiri. Ukabeba taa, ukanunua maji, ukashika kile kijiti cha maikrofoni hadi mabega yakaomba msamaha. Saa nne usiku ukapewa mia tano ya nauli na wali baridi. Video ilipotoka, uliitazama hadi mwisho. Jina lako halikuwepo. Ulipouliza, ukaambiwa, "Si ulikuja kujifunza?"

Kujifunza kuna kikomo. Siku mbili unajifunza. Mwezi wa sita unafanya kazi.

Mafundi wa Marekani hawakupewa saa za kupumzika kwa sababu wakubwa wa kule wana roho nzuri kuliko wa hapa. Walikataa kwa pamoja. Wewe huna chama chenye nguvu hiyo, lakini una simu. Kabla hujaenda, andika ujumbe: nitafanya kazi gani, siku ngapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kwa pesa ngapi, nitafikaje nyumbani usiku, na jina langu litaandikwaje. Subiri ajibu "sawa". Hiyo si kandarasi ya wakili, lakini ni maandishi, na maandishi hayasahau. Anayekasirika kwa kuulizwa hayo amekuonyesha mapema alichopanga. Dada, la kurudi nyumbani usiku usiliache nje hata kama linakuonea haya kuliuliza.

Na wewe uliye upande wa kwanza: chagua kifaa kimoja. Si kumi. Kama ni sauti, jifunze sauti hadi uweze kusikia friji inayovuma chumba cha pili. Kama ni uhariri, kata video za harusi za mtaani kana kwamba zinaenda Emmy. Kama ni umakini wa msimamizi wa mswada, chukua tamthilia yoyote usiku wa leo, izime sauti, na uandike kila kitu kinachoruka: nywele zilizokuwa nyuma ya sikio, glasi iliyojaa ghafla, saa ya ukutani iliyorudi nyuma. Zoezi hilo halina ada. Fanya kwa mwezi mmoja, hutatazama televisheni tena kwa macho yale ya zamani.

Kuna onyo moja ambalo hatutalimung'unya. Ukiambiwa ulipe pesa ili upate kazi kwenye kampuni ya filamu ya Marekani, kimbia. Kazi hukulipa, haikutozi. Na kule huwezi kuajiriwa bila kibali halali cha kazi, hata uwe na kipaji cha aina gani. Anayekuahidi njia ya mkato anajua ndoto yako na bei yake. Kuna njia ndefu na ya kweli: anza na miradi ya hapa, jenga jina, fanya kazi na wageni wanapokuja, omba shule au mafunzo yenye anwani inayojulikana, kisha upite mpaka ukiwa na kitu mkononi.

Mzazi naye atauliza. "Hiyo ya kushika taa ndiyo kazi gani?" Usimjibu kwa hasira. Mketishe, fungua mwisho wa kipindi anachokipenda, uache majina yapande yote bila kuruka. Mwonyeshe: huyu ni seremala, huyu ni fundi wa umeme, huyu ni mhasibu, huyu ni mshonaji, huyu ni dereva, huyu ni muuguzi. Atashangaa kwamba kazi alizotaka ufanye nyingi zimo pale.

Leo usiku kitufe kile kitatokea tena kwenye kona ya skrini yako. Ondoa kidole. Soma majina hadi mwisho, uchague cheo kimoja ambacho hukijui maana yake, na kesho utafute ni kazi ya kufanya nini. Fanya hivyo kwa wiki moja. Kati ya vyeo hivyo saba, huenda kimoja ni chako.